Kutembea na watoto kwenye mizabibu na misitu ya tartufo ya Langhe, Italia

#1 Mzabibu Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, amani iwe nanyi. Ndugu kadhaa wanaoishi huku kaskazini mwa Italia, pamoja na wageni wanaotutembelea kutoka nyumbani, wamekuwa wakiniuliza mahali pa kuwapeleka watoto siku ya Jumapili. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na leo nimeona niandike kwa utulivu ili atakayehitaji asome.

Mimi ni mzaliwa wa Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Baba yangu alilima ekari mbili za zabibu, na utotoni kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kabla ya kwenda shule. Tulipohamia Torino, mke wangu alichoka kunisikia nikisimulia habari za mizabibu, akasema twende tukaione ya huku. Ndipo tulipoifahamu Langhe, eneo la vilima lililo kusini mwa mkoa wa Piemonte, kuuzunguka mji wa Alba, umbali wa kilomita sitini hivi kutoka Torino. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka mandhari ya mizabibu ya Langhe, Roero na Monferrato katika orodha ya urithi wa dunia, na ukisimama juu ya kilima kimojawapo unaelewa mara moja kwa nini: hakuna mteremko uliolala bure, kila safu imefuata umbo la ardhi kama nywele zilizosukwa.

Watu wengi huidhania Langhe kuwa ni mahali pa watu wazima wanaotafuta mvinyo wa Barolo. Mimi nasema kwamba watoto wanaifaidi kuliko sisi, mradi mzazi akubali mambo mawili, ambayo ni kutembea kwa mwendo wa mtoto na kumwachia mbwa aongoze.

Sisi huanzia La Morra, mji mdogo ulio juu ya kilima, mita 513 kutoka usawa wa bahari. Pale kwenye uwanja wa juu, kando ya mnara wa kengele, siku isiyo na ukungu unaona vilima vyote vya Barolo chini yako, na kwa mbali milima ya Alpi yenye theluji, ukiwamo Monviso wenye mita 3,841. Kutoka hapo tunashuka kwa miguu kati ya mizabibu hadi kwenye kikanisa cha Brunate, ambacho watu wengi hukiita Kikanisa cha Barolo. Kilijengwa mwaka 1914 ili wafanyakazi wa mashambani wapate pa kujikinga na mvua ya mawe, na hakikuwahi kuwekwa wakfu. Kikachakaa, hadi mwaka 1999 wasanii wawili, Sol LeWitt na David Tremlett, walipokipaka rangi, mmoja nje na mwenzake ndani: nyekundu, njano, buluu na kijani zisizo na haya yoyote, katikati ya shamba. Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipokiona kwa mara ya kwanza, na mpaka leo anaamini kwamba kimejengwa na watoto.

Kwa mtoto wa umri huo, mteremko huo unachukua kama saa moja pamoja na kusimama kutazama konokono. Mara ya kwanza tulifanya kosa ambalo ningependa msilirudie: tulipofika kikanisani tuliona kijiji cha Barolo kinaonekana karibu, tukaendelea kushuka, tukala huko, halafu tukatakiwa kupanda kurudi La Morra. Ni mpando wa takribani mita mia mbili, na alasiri jua lilikuwa kali. Nilimbeba binti karibu njia nzima, na kaka yake wa miaka tisa akanyamaza kabisa, jambo ambalo kwake si dalili njema. Tangu siku hiyo mmoja wetu hurudi peke yake kuchukua gari, na wengine hungoja kwenye nyasi karibu na kikanisa wakiwa na mikate na maji.

Sehemu ya pili ya matembezi ni msituni. Kwa asiyejua, tartufo ni uyoga unaokomaa chini ya ardhi. Hautoi mwavuli juu ya udongo, bali unakua kama kiazi, ukiwa umeungana na mizizi ya miti kama mwaloni, mpopla na mwerebi. Uyoga huupa mti maji na madini ya udongoni, na mti huulipa uyoga sukari inayotengenezwa na majani. Kwa kuwa umefichika, upepo hauwezi kubeba mbegu zake, kwa hiyo hutoa harufu kali ili mnyama aufukue, aule, na akaziache mbegu hizo kwingine. Ile ya thamani kubwa ni tartufo nyeupe ya Alba, inayopatikana kuanzia vuli mpaka Januari. Kiangazi ipo nyeusi, yenye harufu ya upole na bei nafuu zaidi.

Tulikwenda kijiji cha Roddi, ambako tangu mwaka 1880 kuna shule ya mbwa wa tartufo iliyoanzishwa na Antonio Monchiero, aliyejulikana kwa jina la Barot. Wenyeji huiita chuo kikuu bila kutabasamu, na mimi naona wanastahili. Mtafutaji wa tartufo kwa lahaja ya huko huitwa trifolao. Aliyetupokea alikuwa mzee mwenye maneno machache na mbwa jike mdogo asiye wa asili maalumu, wa aina ambayo wao huiita tabui. Aliwaambia watoto sharti moja tu, kwamba wakae nyuma ya mbwa wala wasimwite jina, kwa sababu yuko kazini.

Tulitembea kimya kando ya kijito, majani makavu yakivunjika chini ya viatu. Mbwa alikuwa akienda huku na huko, kisha ghafla akapunguza mwendo, akarudi hatua tatu, mkia ukaanza kupiga, akafukua kwa miguu yote miwili ya mbele. Mzee akapiga magoti haraka kuliko nilivyotarajia kwa umri wake, akamsukuma mbwa kwa kiwiko, akampa kipande cha mkate mkavu, halafu akaanza kuchimba kwa kijembe chembamba chenye mpini mfupi. Baada ya kina cha kiganja aliacha kijembe akaendelea kwa vidole. Alichukua udongo mkavu kidogo akaunusa, akaupitisha kwa mwanangu anuse, akachimba tena, akampa tena. Mara ya tatu mtoto akasema, "Baba, unanukia kama gesi ya jikoni." Mzee alipotafsiriwa alicheka, akasema wengi husema hivyo hivyo. Tartufo ilipotoka ilikuwa na ukubwa wa ndimu, rangi ya udongo mkavu, na harufu ya kitunguu saumu na asali kwa pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo nililipenda kuliko yote: alirudisha udongo wote kwenye shimo, akaushindilia kwa kiganja, akasambaza majani juu yake mpaka pasionekane kilichotokea. Alituambia kwamba uyoga ule bado unaishi chini pale, na asipofunika, mwakani hatapata kitu.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mama Pacha

Kaka Mzabibu Mkongwe, shikamoo kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Tunaishi Bergamo na nina pacha wa miaka miwili na kijana wa miaka saba. Naomba kufahamu kama gari la kusukuma watoto linapita katika njia hizo, ni mwezi gani unaofaa zaidi, na kama ni lazima kuwa na gari la kutembelea. Pia kijana wangu anaogopa mbwa tangu alipofukuzwa na mmoja huko nyumbani, sijui kama nimlazimishe au nimwache.

#3 Mzabibu Mkongwe

Marahaba dada yangu. Gari la kusukuma liache nyumbani. Udongo wa Langhe ni wa rangi ya kijivu unaoelekea buluu, mchanganyiko wa chokaa na mfinyanzi, na mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu hadi mguu unakuwa mzito kama tofali. Njia za katikati ya mizabibu ni za nyasi na matuta ya magurudumu ya trekta. Mke wangu alimbeba mdogo wetu wa mwisho kwa mbeleko, kwa kitenge kile kile alichokuja nacho kutoka nyumbani, na wanawake wawili wa Kiitaliano walimsimamisha njiani wakitaka kuonyeshwa jinsi kinavyofungwa. Kwa pacha mtahitaji migongo miwili.

Kuhusu msimu, mimi napenda wiki mbili za mwisho za Oktoba. Zabibu ya nebbiolo, inayotoa mvinyo wa Barolo, huchelewa kuiva kuliko nyingine za huko, kwa hiyo mnaweza kukuta mavuno yanamalizikia, majani yamegeuka njano na nyekundu, na tartufo nyeupe imeanza. Wengi hulihusisha jina nebbiolo na neno lao la ukungu, na asubuhi za Oktoba mtaona sababu: mabonde yote yamejaa weupe, na vilele vya vilima vimechomoza kama visiwa. Ukungu huo huondoka polepole, basi msiwe na haraka ya kutoka alfajiri na watoto. Ila fahamu kwamba huo ndio wakati wa maonyesho makubwa ya tartufo mjini Alba, na mwishoni mwa juma mji hufurika. Kama mnaweza kuja siku ya kazi, njooni siku ya kazi.

Treni kutoka Torino inafika Alba vizuri, lakini mabasi ya kupanda vijijini ni machache, hasa Jumapili. Kwa familia yenye watoto wadogo, gari la kukodi au la kuazima linaondoa wasiwasi mwingi.

Kuhusu kijana wako, usimlazimishe. Mwambie mtafutaji mapema, atamfunga mbwa kamba ndefu. Mbwa hawa hawafundishwi ukali. Wanaanzishwa kwa mchezo wa kurudisha kitu kilichorushwa, kisha kitu hicho kinafichwa kwenye nyasi, kisha kinafukiwa, na kila wakipata wanapewa chakula. Mbwa aliye kazini hana habari na mtoto, pua yake iko ardhini. Mpwa wangu aliyekuwa na hofu kama hiyo alianza matembezi akiwa nyuma ya baba yake na kuyamaliza akiwa nyuma ya mbwa.

Mavazi ni suruali ndefu na soksi juu ya suruali, kwa ajili ya kupe, na jioni mkague nyuma ya masikio na kwenye kwapa. Vuli ni msimu wa uwindaji pia, kwa hiyo wavalisheni watoto rangi za kung'aa na msiache njia iliyowekewa alama.

#4 Binti Masqat

Assalaam alaykum ndugu mwanzisha uzi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Oman, na mume wangu ana mkutano wa kikazi Milano mwezi wa kumi. Nimevutiwa sana, lakini nina maswali ambayo naamini Waislamu wengine watakuwa nayo. Je, mtu anaweza kwenda huko bila ya kuingizwa katika kuonja mvinyo? Na chakula chao kinalika?

Halafu nikushirikishe jambo. Huku Ghuba tunao uyoga wa chini ya ardhi pia, tunauita faga, na ule mweupe huitwa zubaidi. Hupatikana jangwani mwishoni mwa majira ya baridi iwapo mvua zimewahi kunyesha, na wazee wanasema radi ndiyo inayoutoa. Hatutumii mbwa. Mtu hutembea asubuhi jua likiwa chini, anatazama mahali ambapo mchanga umeinuka na kupasuka kidogo, karibu na kijimti kidogo cha jangwani ambacho huota nao pamoja. Harufu yake si kali. Tunausafisha mchanga kwa subira nyingi, kisha tunaupika na wali na nyama. Katika hadithi sahihi ya Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, umetajwa kuwa ni katika manna, na maji yake ni tiba ya jicho. Kwa hiyo uliposema mti na uyoga vinalipana, nimekumbuka kijimti kile.

#5 Mzabibu Mkongwe

Waalaykum salaam dada. Ulichoandika kimenifundisha kitu, na nimewasomea watoto jana usiku. Mwanangu ameuliza kama mbwa wa Roddi angeweza kupelekwa jangwani.

Kuonja mvinyo si sharti hata kidogo. Njia za katikati ya mizabibu ziko wazi kwa watembeaji, na anayetaka kuingia kwenye ghala la mvinyo ndiye anayeweka miadi. Ukiagiza matembezi ya tartufo, wengi huyamalizia kwa sahani ya vitafunio na glasi ya mvinyo, basi siku ya kuweka nafasi eleza kwamba hamtumii pombe wala nguruwe, kwa sababu soseji kavu za nguruwe ni kawaida kwenye sahani hizo. Chakula cha kuomba ni tajarin, tambi nyembamba zinazokandwa kwa viini vingi vya mayai, zikapakwa siagi tu, kisha tartufo nyeupe ikakatwa juu yake ikiwa mbichi, vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Tartufo nyeupe haipikwi, moto unaua harufu. Mayai ya kukaanga yanafaa vile vile, na ndivyo watoto wangu wanavyopenda.

Kuhusu mbwa, hakuna anayewalazimisha wageni kumshika. Hatua tano nyuma zinatosha, na mzee anayo kazi ya kumpa zawadi yake mwenyewe. Nguruwe, ambao zamani walitumika kutafuta tartufo, hutawakuta, kwa sababu sheria ya Italia ya mwaka 1985 inataka mbwa na inataka mashimo yafunikwe.

#6 Hoja Huru

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini nimewahi kusikia kwamba hizo tartufo za kuonyesha watalii hufukiwa asubuhi kabla ya wageni kufika. Kama ni hivyo, je, si kuwadanganya watoto? Na zabibu zenyewe, mtoto atajizuiaje asichume?

#7 Mzabibu Mkongwe

Ndugu Hoja Huru, swali lako ni la haki. Ni kweli kwamba matembezi mengi ya wageni ni ya mfano, hasa mchana na hasa na vikundi vikubwa, na tartufo hufukiwa kabla. Mtafutaji wa kweli hutoka usiku, peke yake, kwa sababu mahali anapopata tartufo ni siri anayoweza kutomwambia hata ndugu yake. Mzee wetu alituambia waziwazi kabla hatujaanza kwamba msitu ule ni wa kuonyeshea, kwamba ameweka moja, na kwamba huenda mbwa akapata nyingine ambayo hakuiweka. Watoto hawakupungukiwa na chochote, kwani mbwa hakujua ilipo, wala wao. Asiyesema ndiye anayedanganya, kwa hiyo ulizeni wakati wa kuweka nafasi, na mkijibiwa kwa kukwepa, tafuteni mwingine. Ujuzi wenyewe ni wa kweli kabisa, na mwaka 2021 UNESCO iliutambua kuwa urithi usioshikika wa Italia. Mtafutaji hufanya mtihani kabla ya kupewa kibali, na hapewi chini ya miaka kumi na minne. Mwanangu amekwisha kuhesabu miaka iliyobaki.

Kuhusu kuchuma, hapa nazungumza kama mtoto wa mkulima. Kila kichala mnachokiona kina mwenyewe, na kimepunguziwa wenzake tangu kiangazi ili kibaki na nguvu. Zaidi ya hapo, mizabibu hupuliziwa salfa na shaba, na mtaona madoa ya rangi ya buluu kwenye majani, kama yale ya kwetu Dodoma. Nilimwambia mwanangu: ungemwona mtu anakata zabibu za babu bila kuomba ungesemaje? Hakuuliza tena. Sisi hununua zabibu za kula sokoni Alba asubuhi, zikaoshwa, wakatembea wakizila kati ya zile wasizozigusa. Na mkiona mti wa waridi mwanzoni mwa safu, waonyesheni watoto. Kwa desturi ya wakulima wa zamani, ukungu wa majani huanza kuonekana kwenye waridi kabla ya mzabibu.

Kitu kimoja kilichomshangaza baba yangu nilipomweleza kwa simu ni kwamba huku mzabibu unalala usingizi miezi ya baridi na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma, ambako mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, tunakata matawi mara mbili na kuvuna mara mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa miezi mingine wanakula nini?" Nikamweleza habari za kokwa za hazeli, zinazolimwa kwenye miteremko isiyopata jua la kutosha kwa zabibu, na ambazo ndizo zilizofanya kiwanda cha Ferrero kianzie Alba mwaka 1946. Hilo alilielewa upesi, kwa sababu naye alikuwa na karanga pembeni.

#8 Mama Pacha

Nimerudi kushukuru. Tulikwenda Jumanne iliyopita, tukatembea mpaka kikanisani tu, kama ulivyoshauri. Kijana wangu alikaa nyuma yangu dakika ishirini za kwanza msituni, kisha nikamkosa, kumbe yuko mbele, amechuchumaa karibu na shimo. Tumenunua tartufo moja ndogo sana, kwa gramu, kwa fedha ambazo sitazitaja mbele ya mume wangu. Sasa sijui kuihifadhi, na nimeona mafuta ya tartufo dukani kwa bei rahisi, sijui kama yangetosha.

#9 Mzabibu Mkongwe

Hongera sana dada, na mpe kijana salamu zangu. Mafuta yaache. Mengi ya hayo yametiwa harufu ya kutengenezwa kiwandani, na mtoto aliyenusa ile ya kweli atakuambia. Tartufo yako isioshwe leo. Ifunge kwa karatasi ya jikoni, iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko ndani ya friji, badilisha karatasi kila siku kwa sababu unyevu ndio unaoiozesha, na uile ndani ya siku chache. Siku ya kula ndipo uisugue kwa mswaki laini. Weka na mayai mawili au matatu mabichi ndani ya chupa hiyo hiyo: harufu hupenya ganda, na hata tartufo ikiisha mtakuwa bado na mayai ya kukaanga kesho yake asubuhi.